Je, Wajua? Saa ya Kwanza Ni ya Jirani

Barabara itokayo Nyakanazi hukatiza Kasulo, wilayani Ngara, kabla ya kushuka Rusumo na kuingia Rwanda. Usiku na mchana hupita hapo malori ya mafuta na ya shehena, na kati yake hujipenyeza bodaboda: moja imebeba ndizi, nyingine mama aliyeshikwa na uchungu, nyingine bibi aliyembeba mgongoni mjukuu mwenye homa. Mtu akizidiwa ghafla katika vijiji hivi, wa kwanza kumfikia si daktari. Ni jirani. Mambo 18 yafuatayo tumeyakusanya kwa ajili ya jirani huyo. Baadhi yalitokea hapahapa Kasulo, mengine kwa majirani zetu, na mengine yaligunduliwa mbali lakini yanafaa katika ua wowote wa Ngara na Biharamulo.

1. Jina Benaco lilitoka Italia

Wengi nje ya Kagera wanaijua Kasulo kwa jina la Benaco. Hilo ni jina la kale la Ziwa Garda huko Italia, na lilifika Ngara pamoja na kampuni ya Kiitaliano iliyojenga barabara eneo hili. Kampuni iliondoka, jina likabaki. Kisha, tarehe 28 na 29 Aprili 1994, katika muda wa saa 24 hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakikimbia kutoka Rwanda. Dunia ilikuwa haijawahi kuona umati mkubwa namna hiyo ukivuka mpaka kwa kasi hiyo. Ghafla Benaco ikawa kambi kubwa ya wakimbizi kuliko zote duniani, na wenyeji wa Kasulo walikuwa miongoni mwa waliowapokea.

2. Wagonjwa wakiwa maelfu, hospitali huja ya sita

Mwaka 1997 shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilichapisha kitabu cha mwongozo wa afya ya wakimbizi, kikiwa na mambo 10 ya kushughulikiwa mapema dharura inapotokea. La kwanza ni kuitathmini hali. La pili ni chanjo ya surua. La tatu maji na vyoo, la nne chakula, la tano makazi. Matibabu yenyewe yako nafasi ya sita. Sababu ni kwamba surua ikiingia katika umati wa watoto waliodhoofika kwa njaa na kubanana kwenye mahema, inaua haraka kuliko daktari yeyote anavyoweza kutibu. Sindano moja kabla ya ugonjwa hufanya kazi ambayo vitanda 100 baada ya ugonjwa haviwezi kuifanya.

3. Goma na Benaco: wakimbizi wa nchi moja, hatima mbili

Julai 1994, karibu miezi mitatu baada ya Benaco, Wanyarwanda kati ya 500,000 na 800,000 waliingia Goma, mashariki ya Kongo. Kipindupindu na kuhara damu vikawakuta. Katika mwezi wa kwanza walikufa karibu watu 50,000. Benaco haikupatwa na msiba wa ukubwa huo. Goma ardhi yake ni mwamba wa volkano, hata shimo la choo halichimbiki, na watu walichota maji ya kunywa ziwani palepale walipojisaidia. Ngara, kwa upande wake, mashirika ya misaada yalikuwa tayari yapo, kwa kuwa wakimbizi wa Burundi walikuwa wamekwisha kuingia tangu machafuko ya Oktoba 1993. Kuwahi ni dawa.

4. Lita 15 ndicho kipimo

Makosa ya mwaka 1994 yaliyafanya mashirika ya misaada yakae chini na kujiwekea viwango. Mwaka 1997 ukaanza mradi wa Sphere, ambao kitabu chake sasa kinatumika kote duniani. Kinasema kila mtu aliyeko katika dharura apate angalau lita 15 za maji kwa siku, yaani chini kidogo ya ndoo moja kubwa ya kawaida, kwa kunywa, kupika na kuoga. Ndoo hiyo imebeba somo la Goma na la Benaco.

5. Chumvi na sukari vilishinda kipindupindu

Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, daktari wa Kihindi Dilip Mahalanabis alijikuta katika kambi ya Bangaon akiwa na wagonjwa wa kipindupindu wamelala sakafuni na dripu zimemwishia. Akachanganya chumvi na sukari katika maji safi na kuwapa ndugu wa wagonjwa wawanyweshe. Vifo vilishuka kutoka karibu 30 katika kila wagonjwa 100 hadi chini ya 4. Siri ni kwamba utumbo unaoharisha hukataa maji matupu, lakini sukari ikiwapo huifungulia chumvi mlango, na maji huifuata chumvi.

Pakiti ya ORS, yaani chumvi na sukari iliyopimwa tayari, ndiyo bora, na mtoto huongezewa vidonge vya zinki. Pasipokuwa na pakiti: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazisha. Usizidishe chumvi. Mpe kidogokidogo. Akitapika, subiri dakika 10, kisha uendelee taratibu. Na safari ya zahanati isingoje pakiti iishe.

6. Anayelia kwa sauti anaweza kusubiri

Daktari wa jeshi la Napoleon, Dominique Jean Larrey, ndiye aliyeanza kuwapanga majeruhi kwa uzito wa jeraha badala ya cheo. Leo upangaji huo hutumia rangi: nyekundu ahudumiwe sasa hivi, njano asubiri kidogo, kijani asubiri zaidi. Basi la abiria likipinduka, macho yetu yote hukimbilia anayepiga kelele. Lakini anayepiga kelele ana njia ya hewa iliyo wazi, ana pumzi, na ubongo wake unafanya kazi. Mwendee kwanza aliyenyamaza. Huenda ulimi umeziba koo, au damu inamwisha kimyakimya.

7. Radi hugeuza kanuni hiyo juu chini

Radi ikipiga kundi la watu, wanaoonekana wamekufa ndio wanaohudumiwa kwanza. Umeme wa radi husimamisha moyo na pumzi kwa pamoja. Mara nyingi moyo hujiwasha wenyewe, lakini pumzi huchelewa, na moyo hufa tena kwa kukosa hewa. Anayepuliziwa hewa na kukandamizwa kifua mapema anaweza kurudi, hali aliyebaki akipumua baada ya pigo kwa kawaida hupona. Wala usiogope kumgusa: mwili wa aliyepigwa na radi haubaki na umeme. Ukanda wetu unahitaji kulijua hili. Takwimu za setilaiti zilizochapishwa mwaka 2016 ziliiweka Kabare, mashariki ya Kongo, nafasi ya pili duniani kwa wingi wa radi, ng'ambo tu ya Rwanda ukitazama kutoka Ngara.

8. Herufi tano hubeba kazi nzima ya dharura

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani na Msalaba Mwekundu walitoa kozi ya msingi ya huduma za dharura kwa wahudumu wasio mabingwa. Ilijaribiwa kwanza Tanzania, Uganda na Zambia. Mhudumu hufundishwa kufuata herufi A, B, C, D, E bila kuruka hata moja: njia ya hewa i wazi? Anapumua vipi? Damu inazunguka, au inavuja? Fahamu zikoje? Kisha mfunue mwili, utazame kilichofichwa na nguo, na umfunike tena asipate baridi.

Uzuri wa mpangilio huu ni kwamba haungoji jina la ugonjwa. Kozi yenyewe ina makundi manne tu: anayeshindwa kupumua, aliyeishiwa nguvu ya mzunguko wa damu, aliyepotewa na fahamu, na aliyeumia. Nesi wa zahanati aliyeko peke yake usiku anaweza kuanza kuokoa kabla hajajua anatibu nini.

9. Homa si malaria kila mara, na Biharamulo inajua

Tarehe 20 Januari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa Dodoma pamoja na Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, alitangaza kuwa ugonjwa wa Marburg umeingia Biharamulo. Ulikuwa mlipuko wa pili Kagera. Wa kwanza ulikuwa wa Bukoba Vijijini, Machi 2023, ambapo watu 9 waliugua na 6 wakafariki. Biharamulo waliugua 10, wawili wakithibitishwa na maabara na wanane wakihesabiwa kwa dalili na historia yao. Wote 10 walifariki.

Marburg huanza kwa homa, kichwa kuuma na viungo kulegea, sawasawa na malaria. Kutoka damu huja baadaye, na kuna asiyetoka damu kabisa. Kwa hiyo mhudumu hapimi joto tu. Huuliza: umemuuguza nani? Umezika nani? Umeingia pangoni? Popo wala matunda wakaao mapangoni na machimboni ndio hifadhi ya kirusi hicho. Jirani akiulizwa maswali hayo, asiyaone kuwa ya kumdhalilisha. Yanamlinda yeye na watoto wake.

10. Jina la Marburg ni la Ujerumani, lakini tumbili walitoka Uganda

Mwaka 1967 wafanyakazi wa maabara katika mji wa Marburg, Ujerumani, na wenzao wa Frankfurt na Belgrade, waliugua ugonjwa usiojulikana. Walikuwa wameshughulika na tumbili walioletwa kutoka Uganda kwa ajili ya kutengeneza chanjo. Walioambukizwa walikuwa 31, na 7 wakafa. Mji uliotaabika ukaachiwa jina.

11. Siku 42 zina hesabu yake

Mlipuko wa Biharamulo ulitangazwa kwisha tarehe 13 Machi 2025. Kwa nini hawakutangaza mapema, wakati mgonjwa wa mwisho alikufa Januari? Kwa sababu kirusi huweza kujificha mwilini hadi siku 21 kabla ya dalili. Wataalamu huzidisha muda huo mara mbili: siku 42 bila mgonjwa mpya. Katika siku hizo kila aliyekaribiana na mgonjwa alifuatwa nyumbani na kupimwa joto. Kazi hiyo ilifanywa kwa miguu na kwa pikipiki, na sehemu kubwa yake ni ya wahudumu wa afya wa ngazi ya jamii, watu ambao majina yao hayasomwi kwenye taarifa ya habari.

12. Ng'ambo ya Rusumo, wagonjwa wa Marburg walitolewa kwenye mashine wakiwa hai

Miezi michache kabla ya Biharamulo, Rwanda ilipata mlipuko wake, uliotangazwa tarehe 27 Septemba 2024. Waliougua walikuwa 66, wengi wao wahudumu wa afya, na waliofariki 15. Milipuko mingine ya Marburg imewahi kuua hadi watu 88 katika kila 100 walioambukizwa. Hakuna dawa wala chanjo iliyoidhinishwa, basi tofauti ilitoka wapi? Wagonjwa waligunduliwa mapema wakapewa maji, oksijeni na uangalizi wa karibu. Wawili waliokuwa wamewekewa mipira ya kupumulia walitolewa wakiwa wanapumua wenyewe, na Shirika la Afya Duniani likasema linaamini ni mara ya kwanza kwa wagonjwa wa Marburg barani Afrika. Kuuguza vizuri nako ni tiba.

13. Dripu ya haraka inaweza kuua

Kwa miaka mingi vitabu vilisema mtoto mwenye homa kali na mzunguko wa damu uliodhoofika apewe maji mengi ya mshipani kwa kasi. Utafiti ulioitwa FEAST ulilipima jambo hilo kwa watoto zaidi ya 3,000 katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania, ikiwamo Teule ya Muheza. Matokeo ya mwaka 2011 yaliwashtua madaktari wa dunia nzima: waliopewa dripu ya kasi walikufa zaidi, kama 10.5 katika kila 100, kuliko wale 7.3 waliopewa maji taratibu. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake.

Tahadhari: watoto wenye kuharisha hawakuwamo. Wao bado wanahitaji maji, na kwa haraka. Hivyo mzazi unapofika zahanati na kumkuta nesi anaweka dripu ya polepole, au haweki kabisa, usimlaumu kwamba anabana dawa. Huenda anaujua utafiti huo wa Afrika Mashariki yenyewe.

14. Degedege halihitaji kijiko

Mtoto akishikwa na degedege, watu humkimbilia na kijiko, wakakisukuma kati ya meno. Kijiko huvunja meno, huumiza kinywa, na huweza kuziba pumzi. Ulimi wenyewe haumezeki. Mlaze ubavu, legeza nguo shingoni, ondoa vitu vigumu karibu naye, kisha safari ya hospitali ianze.

Penye malaria kali na hospitali iko mbali, kuna dawa ya artesunate ya kuweka njia ya haja kubwa, ambayo mhudumu humpa mtoto wa chini ya miaka 6 kabla ya rufaa. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi tatu ulikofanyika utafiti wake mkubwa, uliochapishwa mwaka 2009. Lakini dawa hiyo ni ya kununua muda tu. Mtoto lazima afike kwenye sindano. Nayo sindano ya artesunate, utafiti wa mwaka 2010 katika nchi 9 za Afrika ulionyesha inaokoa watoto wengi kuliko kwinini. Kagera ina sababu ya kujali: mwaka 2007/08, watoto 41 kati ya 100 walio chini ya miaka mitano mkoani walikutwa na vimelea vya malaria. Mwaka 2011/12 walikuwa 8. Iliwezekana kushuka, na bila uangalizi inawezekana kupanda.

15. Jicho halijui kupima damu, na dakika moja ni umri mzima

Mama anapotoka damu baada ya kujifungua, mkunga mzoefu naye huikadiria kidogo kuliko ilivyo, kwa sababu damu huzama kwenye shuka na kanga. Utafiti wa E-MOTIVE, uliofanyika katika hospitali 80 za Tanzania, Kenya, Nigeria na Afrika Kusini na kuchapishwa mwaka 2023, ulitumia karatasi ya plastiki yenye mfuko na mistari ya vipimo, ikitandikwa chini ya mama. Kabla yake waligunduliwa nusu tu ya waliokuwa wakivuja sana. Kwa mfuko huo na tiba zote zikitolewa kwa pamoja, waligunduliwa 93 katika 100, na madhara makubwa yakapungua kwa asilimia 60.

Mtoto naye ana saa yake. Wakunga huiita dakika ya dhahabu: asiyelia akaushwe, asuguliwe mgongo, na kabla ya sekunde 60 kwisha, kama hapumui, apuliziwe hewa kwa mfuko na barakoa. Mafunzo hayo yalipotolewa katika hospitali 8 za Tanzania, vifo vya siku ya kwanza vilipungua kwa asilimia 47, kama ilivyoripotiwa mwaka 2013. Walijifunzia mwanasesere wa plastiki.

Na mama akivimba uso, akaumwa kichwa na kuona maluweluwe, hiyo yaweza kuwa dalili ya kifafa cha mimba. Dawa yake, magnesiamu salfeti, kwa asili ni ileile chumvi ya Epsom ya zamani, na hupunguza kwa nusu hatari ya degedege hilo. Namba ya kupiga ni 115, bila malipo. Ni mfumo wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa Aprili 2022: gari la wagonjwa likikosekana, hutafutwa dereva jamii, mwenye gari wa kijijini aliyesajiliwa, na malipo yake hutumwa kwa simu. Jirani mwenye gari amekuwa sehemu ya hospitali.

16. Jiwe jeusi halinyonyi sumu

Mapori ya Burigi na Kimisi yamepakana na mashamba yetu, na nyoka hawajui mpaka. Sumu hazifanani. Kifutu huvimbisha na kuozesha nyama. Koboko hulegeza misuli hadi pumzi ikome, na ndiyo maana aliyeumwa naye anaweza kuokolewa kwa kupuliziwa hewa hadi afike kwenye dawa. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kukaza, wala usitegemee jiwe jeusi: hukwama kwenye damu ya jeraha, sumu ikabaki mwilini. Vua pete na bangili kabla ya kuvimba, funga kiungo kwa ubao kisicheze, mbebe aliyeumwa asitembee, uwahi hospitali. Usimfukuze nyoka, mgonjwa wa pili haongezi dawa. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliingiza kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa. Duniani huua watu kati ya 81,000 na 138,000 kwa mwaka, wengi wao wakulima na watoto.

17. Moto wa mkaa hukidanganya kipimo. Moto wa petroli hauwasamehe wachotaji

Kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni kilitokana na kazi ya Mjapani Takuo Aoyagi miaka ya 1970. Ni msaada mkubwa, ila kina mapungufu mawili. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2020 ulikuta kwamba kwa wagonjwa weusi hukosa kuona upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe. Pili, aliyelala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa anaweza kusomeka mzima huku anakufa, kwa sababu gesi ya mkaa isiyo na harufu hushikana na damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na kifaa hakitofautishi. Nyakati za baridi milimani Ngara, jiko lilale nje. Ukimkuta mtu chumbani, mtoe kwanza kwenye hewa safi.

Malori ya mafuta nayo yana funzo chungu. Tarehe 10 Agosti 2019, Msamvu, Morogoro, lori lilipinduka, watu wakaenda kuchota petroli, likalipuka. Waliokufa walizidi 100. Lori likianguka kati ya Nyakanazi na Rusumo, jirani mwema ni yule anayewarudisha watoto nyuma, upande upepo unakotoka, na kuzima sigara na jiko. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi ya kawaida kwa dakika 20. Dawa ya meno, yai na samli viache jikoni.

Na kwa anayeendesha bodaboda: kofia ngumu hupunguza hatari ya kifo kwa asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Jina bodaboda lenyewe lilizaliwa mpakani mwa Kenya na Uganda, walikobebwa watu kutoka boda moja hadi nyingine. Kasulo nayo ni ya mpakani; abiria wako afike na kichwa chake.

18. Ubingwa wa dharura Tanzania bado ni kijana

Idara ya kwanza kamili ya magonjwa ya dharura katika hospitali ya umma nchini ilifunguliwa Muhimbili mwaka 2010, na mabingwa wa kwanza waliosomea fani hiyo hapa nchini walihitimu mwaka 2013. Kabla ya hapo, mgonjwa aliyezidiwa alipokewa na yeyote aliyekuwa zamu. Barabara nayo imefupishwa: tangu tarehe 19 Juni 2025, gari la wagonjwa liendalo hospitali ya Bugando, Mwanza, halingoji tena kivuko cha Busisi, hupita juu ya Daraja la J. P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3, kwa dakika chache.

Hata hivyo bingwa na daraja humsubiri mgonjwa aliyefika akiwa hai. Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air iliyokuwa na watu 43 ilitumbukia Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba. Watu 19 walifariki, 24 wakaokoka. Wa kwanza kuwafikia walikuwa wavuvi. Mmoja wao, Majaliwa Jackson, alisimulia kwamba aliupiga mlango wa nyuma kwa kasia hadi ukafunguka, na baadaye akapewa kazi katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Kasia lile halikutengenezwa kwa ajili ya kuokoa abiria wa ndege. Lilikuwa la mtumbwi wa kuvulia dagaa, likawa ndilo lililokuwa mkononi. Ndivyo ilivyo kwa sukari ya jikoni, kanga ya kukandamizia jeraha linalovuja, ubao wa kufungia mguu, na simu yenye 115. Kila nyumba ya Kasulo ina kasia lake. Asubuhi tukiamka, tuwaonyeshe watoto lilipo.